Vitabu vya dada na karanga za Kongwa

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wengine mlishaanza kudhani nimedisko. La hasha! Bado nipo, nadunda. Ni majaribio tu yalifuatana, halafu na maandalizi ya mafunzo ya ualimu kwa vitendo, maana safari hii nakwenda kufundisha Historia kidato cha pili na cha tatu na naogopa kweli kweli. Lakini leo siandiki habari za ualimu.

Leo naandika kwa sababu ya dada yangu mkubwa, yule niliyewahi kuwaambia kuwa ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano. Amepata kazi kwenye kampuni moja inayokamua mafuta ya alizeti (jina naliacha), na cheo alichopewa ni ofisa wa uendelevu. Nikamuuliza, dada, hicho ndiyo kitu gani? Akacheka, akasema hata yeye ndiyo kwanza anajifunza. Kwa alivyoelezwa, kazi yake ni kuhakikisha kampuni inapata faida leo bila kuimaliza ardhi, maji na watu ambao itawahitaji kesho. Siyo kazi ndogo hiyo. Na jambo la kwanza alilokabidhiwa ni kuandika maoni kuhusu mpango wa kampuni kufungua shamba jipya kubwa la alizeti upande wa Kongwa. Wakubwa wanataka karatasi mezani kabla ya mwisho wa mwezi. Akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, wewe ndiye msomaji wa familia. Nitajie vitabu wanavyosoma watu wa kazi hii. Vichache, sina muda."

Kongwa! Yaani katika nchi yote hii, Kongwa. Sisi ni Wagogo wa huko huko. Babu yetu alizaliwa mwaka 1949, lakini ukimuuliza hakutajii mwaka, anakwambia "wakati wa Karanga", na wazee wenzake wote wanaelewa. Baba yake alikuwa kibarua wa kufyeka pori kwenye mradi ule. Kwa hiyo nilipoingia intaneti kutafuta orodha za vitabu vya biashara endelevu (zipo nyingi mno, na nyingi zinaanza na kitabu cha juzi chenye jalada la kijani), nikaona hapana. Kitabu cha kwanza nilichomtajia dada ni cha mwaka 1950. Hakimo kwenye orodha hata moja niliyoiona.

Kinaitwa The Groundnut Affair, na aliyekiandika ni Alan Wood. Utamu wa kitabu hiki ni kwamba Wood hakuwa mpinzani aliyekaa pembeni anachonga mdomo. Alikuwa mkuu wa habari wa shirika lenyewe lililoendesha mradi, yaani kazi yake ilikuwa kuusifia. Akajiuzulu, akakaa chini akaandika ilivyokuwa. Nilikisoma kwenye chumba kile cha vitabu vya zamani ambacho huruhusiwi kutoka na kitabu wala kuingia na begi, siku tatu mfululizo, nikitoka nje kula mihogo na kurudi.

Kwa wasiojua kisa chenyewe, ni hivi. Vita Kuu ya Pili imekwisha, Uingereza ina njaa ya mafuta ya kula, watu wanapimiwa siagi kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, akaja na wazo: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, kwa ukubwa ambao dunia haijaona. Serikali ya Uingereza ikalipenda. Ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari milioni 3.21, zikiwa zimegawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na 10 Kenya. Gharama ingekuwa kama pauni milioni 24. Hebu ona hizo namba zilivyonyooka! Kila shamba ekari 30,000, kana kwamba Mungu aliumba nchi kwa rula.

Mwaka wa kwanza, 1947, walitaka kupanda ekari 150,000. Walipanda kama 7,500. Kwa nini? Hapo ndipo Wood anapokuwa mtamu. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa kutoka Ufilipino, mengine yameshachoka kabla hayajafika, na vipuri hakuna. Walichukua hata vifaru vya vita, vile vya Sherman, wakavigeuza kuwa matrekta. Pori la Kongwa likawashinda, mizizi na mibuyu, nyuki nao wakifanya vurugu zao. Walipomaliza kufyeka wakakutana na adui mwenyewe, yaani udongo. Udongo wa pale una mfinyanzi mwingi na mchanga mkali unaolika chuma, na ukishakauka unakuwa saruji. Sasa karanga, kama mnavyojua, haizai juu, inazaa chini. Wakati wa kuvuna ndio wakati ardhi inapofunga. Umepanda, imeota, imezaa, na huwezi kuichimbua. Na mvua nayo, mwaka inakuja, mwaka haiji. Wagogo hilo walilijua muda mrefu. Ile njaa kubwa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920 hivi, ilikuwa bado kichwani mwa kila mtu mzima aliyekuwepo Kongwa mwaka 1946. Mtama na uwele wao, na ng'ombe wa kuhamishwa kufuata majani, vilitokana na kuishi na mvua ya namna hiyo miaka nenda rudi. Hakuna aliyewauliza.

Mwezi wa kwanza 1951 serikali ya Uingereza ikafunga mradi na kufuta pauni milioni 36 kwenye vitabu vyake. Bandari ya Mtwara ndiyo imebaki hadi leo kutokana na mradi ule, reli iliyojengwa kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye, na pale Kongwa sehemu ya ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe. Yaani wakarudi kwenye ng'ombe.

Sasa kuna jambo moja ambalo nilipolifikia nilifunga kitabu nikatoka nje kupiga simu. Karanga zilipokuwa zinasumbua, mradi ulipanda na zao jingine Kongwa, zao waliloona lingestahimili zaidi. Alizeti. Nayo ukame uliipiga. Nikamwambia dada, "Unasikia? Alizeti!" Akanyamaza kidogo, akasema, "Siku hizi kuna mbegu bora." Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba wakulima wadogo wa Kongwa wanalima alizeti leo na inawasomesha watoto. Lakini mkulima mdogo analima ekari tatu, na mtama pembeni, na mbuzi. Kufyeka maelfu ya ekari kwa zao moja ni habari nyingine. Akaniambia nimtumie picha za kurasa hizo. Nimempigia kwa simu kurasa 14, mtunza maktaba akinitazama kwa jicho la pembeni.

Cha pili nilichompa ni Silent Spring cha Rachel Carson, cha mwaka 1962. Hiki kimo kwenye orodha zote, na wengi wanakisifia bila kukisoma, nadhani. Carson alikuwa mwanasayansi wa viumbe vya baharini, mwandishi hodari, na wakati anakiandika alikuwa anaumwa saratani bila kuitangaza. Alieleza jinsi dawa za kuua wadudu, hasa DDT, zinavyoingia kwenye udongo na maji, zikapanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa samaki na kwa ndege, zikizidi kila hatua. Viwanda vya kemikali vilimshukia kama mwewe. Kampuni moja ilimtishia mchapishaji wake kumpeleka mahakamani, nyingine, Monsanto, ikatoa makala ya kumkejeli. Mwaka 1963 kamati ya wanasayansi ya Rais Kennedy ikatoa ripoti iliyomuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Carson akafariki mwaka 1964, na DDT ikapigwa marufuku kwa matumizi mengi Marekani mwaka 1972.

Nakitaja kwa dada kwa sababu ya ubishi unaokuja kila mara, kwamba eti Carson ndiye aliyewaua watoto wa Afrika kwa malaria. Sisi tulioumwa malaria kila msimu tuna haki ya kuuliza swali hilo, siyo dhambi. Lakini ukisoma mwenyewe utaona hakusema dawa zote zitupwe. Alilalamikia kunyunyizia hovyo mashambani, na akaonya kwamba wadudu wanazoea dawa na mwishowe haifanyi kazi hata pale unapoihitaji kwa ugonjwa. Kwa mtu atakayesimamia dawa kwenye mashamba ya alizeti, hiyo ni kazi ya kila wiki.

The Limits to Growth cha 1972 nilimwambia asome sura mbili tatu tu. Ni kazi ya vijana wa chuo cha MIT waliotumia kompyuta kuuliza itakuwaje kama watu, viwanda na uchafuzi vitaendelea kukua ndani ya dunia isiyokua. Kilichonivutia zaidi ni aliyekuwa nyuma yake: Aurelio Peccei, Mwitaliano aliyekulia kwenye biashara, Fiat na Olivetti. Siyo mwanaharakati wa mtaani. Mtu wa viwanda mwenyewe ndiye aliyekuwa hapati usingizi.

Vivyo hivyo Schumacher, mwandishi wa Small Is Beautiful (1973). Huyu Mjerumani alikwama Uingereza wakati wa vita, akahesabiwa kuwa raia wa adui, akafanya kazi shambani. Baadaye akawa mshauri wa uchumi wa bodi ya makaa ya mawe ya Uingereza kwa miaka 20. Fikiria, miaka 20 unakula mshahara wa makaa ya mawe, halafu unaandika kwamba tunatumia mali ya asili kama vile ni mapato wakati ni mtaji. Mtu wa hesabu hapo anaelewa mara moja. Ukiuza ng'ombe wako mmoja kila mwezi na kuita fedha hiyo faida, siku moja utaamka zizi tupu, na daftari lako litaonyesha ulikuwa unatajirika. Aliamini katika teknolojia ya kadiri, siyo jembe la mkono tu wala trekta la shilingi milioni mia, kitu cha katikati ambacho fundi wa kijijini anaweza kukirekebisha. Mwaka 1966 alianzisha kundi la kufanya hivyo. Ningependa kujua angesema nini kuhusu vile vifaru vya Kongwa.

Hapa naomba msinirushie mawe, kwa sababu kitabu kinachofuata kinatugusa sisi wenyewe. Ni Seeing Like a State cha James Scott, cha 1998, na kina sura nzima kuhusu vijiji vya Ujamaa. Mimi nampenda Mwalimu, nimekua kwenye nyumba yenye picha yake ukutani, na nikisikia mtu anamtukana nanyanyuka. Lakini Scott anauliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Mradi wa karanga uliendeshwa na wakoloni, sawa. Sasa ilikuwaje miaka 20 baadaye, na serikali yetu wenyewe, watu wakapangwa tena kwa mistari iliyonyooka? Mkoa wetu ulionja mapema, Operesheni Dodoma ilikuwa mwaka 1970 na 1971. Babu alikuwa kijana wa miaka 21. Anasema kwenda kwenye kijiji siyo tatizo, shule ilipatikana, zahanati ilipatikana. Tatizo, anasema, ni kwamba mashamba ya zamani yalikuwa mbali mbali kwa makusudi, mvua ikikosa huku inapata kule, na ng'ombe hawakanyagi sehemu moja. Walipowekwa pamoja wakaimaliza ardhi ya karibu. Ni maneno ya mzee asiyesoma Scott.

Nilimwambia dada sura hiyo aisome usiku, asiende nayo ofisini, teh teh. Ila kwa dhati kabisa naona ni muhimu kwake kuliko vyote baada ya Wood, maana atakuwa anapokea mipango yenye ramani nzuri zenye rangi. Na mimi pia nitakuwa naifundisha Ujamaa kidato cha tatu, sijui nitasema nini mtoto akinyoosha mkono.

Our Common Future cha 1987, ile ripoti ya tume ya Gro Harlem Brundtland wa Norway, ndipo neno "maendeleo endelevu" lilipopata maana inayotumika mpaka leo: kukidhi mahitaji ya sasa bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi ya kwao. Ni ripoti, inasomeka kama ripoti. Ila kuna mambo mawili. Tume ilianza kazi baada ya 1983, na ikiwa katikati ya kazi gesi ya sumu ikavuja kiwandani Bhopal, India, mwaka 1984 na kuua maelfu, halafu Chernobyl ikalipuka 1986. Hawakuwa wanaandika mambo ya kufikirika. La pili, walizunguka kusikiliza watu, na mwezi wa tisa 1986 walikaa Nairobi. Makamu mwenyekiti alikuwa Mansour Khalid wa Sudan. Kwa hiyo mtu asimwambie dada kwamba uendelevu ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa kwa meli.

Sasa nifike kwa Ray Anderson, maana huyu ndiye niliyemwekea dada alama ya kalamu nyekundu.

Anderson alikuwa Mmarekani wa Georgia, na mwaka 1973 alianzisha kampuni ya mazulia, Interface. Yale mazulia ya vipande vya mraba ya maofisini. Zulia la namna hiyo ni mafuta ya petroli kuanzia juu hadi chini: nailoni, gundi, na nishati ya kiwandani. Miaka 21 alifanya biashara hiyo na akatajirika, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kufikiria dunia inampa nini na yeye anairudishia nini, zaidi ya kufuata sheria. Mwaka 1994 wateja wakaanza kuuliza kampuni inafanya nini kuhusu mazingira. Wafanyakazi wa mauzo hawakuwa na jibu. Wakaunda kikundi, wakamwomba bosi aje atoe hotuba ya kuwapa mwelekeo. Naye hakuwa na mwelekeo wowote! Ana umri wa miaka 60, hotuba inakaribia, hajui aseme nini. Ndipo kitabu kikatua mezani kwake, The Ecology of Commerce cha Paul Hawken, kilichokuwa kimetoka mwaka mmoja kabla.

Alisema baadaye kwamba alihisi kama amechomwa mkuki kifuani, na kwamba alilia. Mzee wa viwanda, analia kwa kitabu. Mimi nilitaka kujua ni ukurasa gani uliomfanya hivyo, na sehemu mojawapo ni kisa cha kisiwa cha St. Matthew, huko baharini karibu na Alaska. Mwaka 1944 walinzi wa pwani wa Marekani walipeleka kisiwani kulungu 29 wa nchi za baridi (wale wanaochorwa wakivuta kigari cha Krismasi) ili wawe akiba ya chakula kwa askari waliokuwa pale. Vita ikaisha, askari wakaondoka, kulungu wakabaki. Hakuna simba, hakuna mbwa mwitu, chakula tele. Kufikia 1963 walikuwa 6,000. Ungekuwa mhasibu wa kisiwa kile ungeandika ripoti tamu kweli mwaka ule. Walikuwa wamekula hadi ile mimea midogo inayotambaa ardhini, ambayo huchukua miaka mingi kurudi. Ikaja baridi kali. Mwaka 1966 mtafiti aliporudi alihesabu 42.

Nilimsomea babu kisa hicho kwa simu, kwa Kiswahili changu cha kutafsiri. Akauliza, "Mchungaji alikuwa nani?" Nikamjibu hapakuwa na mchungaji. Akasema, "Basi."

Anderson hakuishia kulia. Alisimama mbele ya kikundi kile mwezi wa nane 1994 akawaambia kampuni itaacha kuchukua ardhini kitu chochote isichoweza kukirudisha. Baadhi walidhani mzee amechanganyikiwa. Baadaye akaweka lengo la kufuta madhara yote ya kampuni ifikapo 2020. Mazulia yaliyozeeka yakaanza kukusanywa na kugeuzwa malighafi, taka zikapungua, na fedha iliyookolewa kwenye taka ikalipia mambo mengine. Aliandika kitabu chake mwenyewe, Mid-Course Correction, mwaka 1998. Alifariki 2011, na mwaka 2019 kampuni ilitangaza kwamba imelitimiza lengo. Mtu anaweza kubishana na hesabu zao, na mimi nadhani neno "sifuri" kwenye biashara ya zulia linahitaji kuulizwa maswali. Lakini ninachokipenda kitabuni ni kwamba anajiita mwizi. Anasema alikuwa anaiba mali ya wajukuu kwa njia ambayo sheria inaruhusu. Ni bosi gani mwingine mnamfahamu aliyeandika hivyo hali bado yuko kwenye kiti?

Cradle to Cradle cha 2002 sikukimaliza, niseme ukweli. Kinasifika, na toleo lile la kwanza lilichapwa kwenye karatasi ya plastiki isiyoloa maji, raha yake unaweza kukisoma ukioga. Wazo lake la kwamba taka ya huyu iwe chakula cha yule ni zuri, ila bibi yangu anayempa ng'ombe mashudu ya alizeti na kupeleka samadi shambani hatalishangaa.

John Elkington nilimwandikia dada kwa sababu atakutana naye kila semina. Ndiye aliyebuni mwaka 1994 ule msemo wa kampuni kupimwa kwa mambo matatu, watu, dunia na faida, akaueneza kwa kitabu cha mwaka 1997 kiitwacho Cannibals with Forks. Kila ripoti ya kampuni ina michoro ya miduara mitatu kwa sababu yake. Lakini mwaka 2018 mzee huyo huyo aliandika makala akisema anauita msemo wake urudi kiwandani, kama kampuni ya magari inavyoyaita magari yenye kasoro. Alilalamika kwamba alitaka watu waufikirie upya mfumo mzima wa biashara, wao wakaufanya jedwali la kujazia namba. Nikamwambia dada, soma makala kwanza, kitabu baadaye.

Wa mwisho ni Wangari Maathai, Unbowed, cha 2006. Watu wanamjua kwa miti ya Green Belt iliyoanza 1977 na kwa Nobeli ya 2004, na kwa kulizuia lile ghorofa la Uhuru Park. Ila kabla ya yote hayo alianzisha kampuni! Iliitwa Envirocare, katikati ya miaka ya 1970. Ilitokana na ahadi ya kampeni ya mume wake, aliyegombea ubunge na kuahidi ajira. Wangari akaona awaajiri watu maskini watunze bustani za matajiri wa Nairobi na kuotesha miche. Ilimfia mikononi. Wateja hawakutaka kulipa mapema, vibarua hawakuweza kusubiri mshahara, maji ya kumwagilia miche yakawa shida. Wazo la miti lilibaki, na baadaye kina mama wenyewe wakaotesha miche kwa mbegu za kwao na kupewa kiasi kidogo kwa kila mti uliopona. Siyo uliopandwa, uliopona. Dada alivyosoma hapo alinipigia saa tano usiku. Kampuni yake inahesabu miche inayogawiwa kwa wakulima. Hakuna safu ya iliyopona.

Dada hajavimaliza vyote, na mimi sikutegemea. Amemaliza zile kurasa 14, sura ya Scott, na Wangari. Juzi alimwandikia bosi wake kuomba takwimu za mvua za Kongwa za miaka 30 na majibu ya kupima udongo, shamba kwa shamba. Akajibiwa kwamba mshauri aliyeandaa mpango alishazuru eneo. Akauliza alikaa siku ngapi. Hilo bado halijajibiwa, na tangu hapo anasema hewa ofisini imekuwa nzito kidogo. Ana miezi mitatu ya majaribio kazini, na ada yangu ya mwaka huu, ile sehemu ambayo mkopo haufiki, inatoka kwake. Tunalijua wote wawili na hatulisemi.

Jumamosi tunapanda basi kwenda Kongwa, yeye na daftari, mimi na kinasa sauti cha simu. Tutakaa na babu na wazee wenzake wawili, watupitishe kwenye miaka ya mvua na miaka ya njaa kadiri wanavyoikumbuka, na watuonyeshe ni wapi karanga zilioza ardhini. Babu nimempigia kumwambia tunakuja kwa kazi. Akauliza kazi gani tena, nikasema ni za kampuni ya dada, wanataka kulima eneo kubwa. Akanyamaza, nikasikia mbuzi tu. Halafu akasema tumletee sukari na betri za redio, na tusichelewe, maana jua la mchana pale kwenye ile ardhi tupu hawaliwezi tena.